Je, kusafisha picha ni kudanganya?

Mbali sana, nyuma ya nyota tuonazo kwa macho, yako makundi mengine ya nyota yasiyohesabika. Nuru yao hufika kwetu kidogo kidogo, kama matone ya mwisho ya mvua. Mtu akitaka kuyapiga picha, hana budi kuiacha kamera wazi muda mrefu. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kwani kamera yenyewe haitulii. Joto lake, umeme wake, hata nuru yenyewe inayofika kwa matone, huacha chembechembe juu ya picha, kama mchanga uliomwagwa juu ya mkeka. Mafundi huziita kelele, ingawa hazina sauti. Maana hufunika nuru hafifu kama vile makelele ya soko yanavyofunika maneno ya mzee asemaye polepole.

Fundi huziondoa kelele hizo. Je, ana haki? Nani amemwambia kwamba chembe hii ni kelele na ile ni nyota? Akifuta tu asichokipenda, ana tofauti gani na shahidi anayepunguza maneno mbele ya hakimu?

Fundi mwaminifu hafuti kwa kupenda kwake. Hupiga picha nyingi za mahali pale pale, kisha huziunganisha na kuchukua wastani wake. Kelele huhamahama, nyota hubaki. Kwa picha 4, kelele hupungua hadi nusu. Kwa picha 16, hadi robo. Kwa picha 100, hadi sehemu moja ya kumi. Basi ukweli una bei yake: kila ukitaka kupunguza kelele kwa nusu, yakupasa kufanya kazi mara nne. Mwezi wa Desemba 1995, darubini Hubble ilielekezwa siku 10 mahali padogo pa mbingu palipoonekana kama patupu. Zikapigwa picha 342. Zilipounganishwa, yalionekana makundi ya nyota karibu 3,000.

Lakini subira peke yake haitoshi. Iko kasoro isiyohama, iliyomo ndani ya kamera yenyewe, nayo hurudi mahali pale pale katika kila picha. Wastani hauiondoi; huifanya ifanane na kweli. Basi fundi hufunika darubini, akapiga picha za giza tupu, kwa muda ule ule na katika joto lile lile. Lo lote linaloonekana humo halikutoka mbinguni. Limetoka kwa kamera. Hulitoa. Tena husogeza darubini kidogo kati ya picha na picha, ili kasoro isiangukie nyota ile ile daima.

Na sisi je? Tunasikia neno baya juu ya jirani, tunasema: "Watu kumi wamelisema." Lakini kama wote kumi walilisikia kwa kinywa kimoja, hao si mashahidi kumi, ni kosa moja lililorudiwa mara kumi. Na kama moyo wetu una wivu, kila tutakaloliona kwake litakuwa na doa pale pale. Afadhali kwanza tufunike darubini, tujiulize: doa hili ningeliona hata kama jirani asingefanya neno lo lote?

Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazolainisha picha kwa dakika chache. Zinasaidia kweli. Lakini zikizidishwa, huweza kufuta nyota hafifu, au hata kuchora kitu kisichokuwapo. Picha inapendeza, kumbe inasema uongo.

Basi kusafisha si kudanganya, ikiwa anayesafisha amengoja vya kutosha, ameijua kwanza kasoro yake mwenyewe, na yuko tayari kueleza yote aliyoyaondoa. Asiyetaka kungoja, heri aiache picha na mchanga wake. Mchanga huonekana na wote. Uongo uliolainishwa hauonekani.