Kipande cha Kuonja



Tukitaja udanganyifu wa biashara, mtu wa milima hii hufikiri kwanza habari ya lumbesa, yaani lile gunia la viazi lililoongezwa kofia ya kamba juu, hata mkulima anauza gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Hilo twalijua, na serikali imelipiga marufuku mara nyingi. Lakini haki na dhuluma haziishii kwenye gunia. Leo nawaomba tufikiri juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni kipande cha keki ambacho mwuzaji humpa mteja aonje bure kabla ya kuagiza.

Wako kina mama na mabinti, hapa Kifungilo na upande wa Lushoto, waokao keki nyumbani kwa kuuza, wengine kwa jiko la gesi, wengine bado kwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mteja huja majuma kadhaa kabla ya harusi, au kipaimara, au mahafali ya shule. Hukaribishwa, huulizwa: watu wangapi, siku gani, ukumbi uko wapi, fedha iliyotengwa ni kiasi gani. Kisha huletwa kisahani chenye vipande vidogo: cha ndimu, cha karoti, cha vanila, cha kakao. Aonja, achagua, atoa arbuni, aenda zake.

Wazee watacheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na unga wa ngano vilikuwa vitu vya foleni, na mwaka 1983 nchi nzima ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi walioficha bidhaa. Aliyepata kilo mbili za sukari kwa harusi ya mwanawe hakuuliza kama keki iwe ya ndimu au ya karoti. Kuonjesha ni desturi ya wakati ambapo waokaji ni wengi na kila mmoja hutafuta mteja. Ndiyo maana maswali yake ni mapya kwetu, na bibi zetu hawakutufundisha majibu.

Je, kipande kile ni zawadi? Mwokaji husema ni bure, naye mteja hushukuru. Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliandika mwaka 1925 juu ya zawadi katika mataifa mengi, akaonyesha kuwa zawadi huja na wajibu wake: yakupasa kuipokea, na baadaye yakupasa kurudisha. Hatukumhitaji Mfaransa atuambie. Kila aliyepelekewa kikapu cha mapea na jirani yake ajua kuwa kikapu hakirudishwi kitupu. Basi mteja aliyekula vipande vinne na kunywa vikombe viwili vya chai huona haya kuondoka bila kuagiza. Na mwokaji ajua hivyo. Akiitumia haya ile kama kamba ya kumfungia mteja, kipande kimekuwa mtego, hata kama kilikuwa kitamu.

Maoni yangu ni kwamba kipande cha kuonja si zawadi, wala haifai kukiita zawadi. Ni ushahidi. Mwokaji anatoa ushahidi juu ya kazi ya mikono yake, na shahidi hamdai hakimu malipo kwa kuwa amemsikiliza. Mteja akionja, akatafakari, akasema, "Asante mama, ngoja nikafikiri," hana deni lo lote. Lakini kama ni ushahidi, basi sharti uwe wa kweli. Na hapo tunafika mahali pagumu, tena pa kwetu hasa watu wa milimani.

Kifungilo ni baridi. Mwezi wa Julai siagi hukaa mezani kutwa nayo ngumu, na krimu ya siagi na sukari iliyopambwa juu ya keki husimama vile vile ilivyowekwa. Tuseme mteja ametoka Korogwe, amepanda milima kutoka Mombo kwa njia ya Soni, amefika kwa mwokaji asubuhi ya ukungu. Aonja kipande chenye krimu ya siagi. Chamyeyukia mdomoni, hajapata kuonja kitu kama hicho. Asema, "Mama, nataka hii hii." Harusi ni Januari, ukumbi uko Korogwe, sherehe yaanza saa kumi alasiri chini ya bati. Siagi huanza kulegea kabla ya nyuzi 30, na ikikaribia nyuzi 35 imekuwa mafuta. Mwokaji ajua kuwa gari litakapomaliza zile kona na kushuka Mombo, yale maua meupe yataanza kuinama, na mbele ya wageni hayatakuwa maua tena.

Kipande alichoonja yule mteja hakikuwa na uongo ndani yake. Siagi ilikuwa siagi, mayai yalikuwa mayai. Hata hivyo, mwokaji akinyamaza, mteja atakuwa ameonja keki ya Kifungilo na kununua keki ya Korogwe, nazo ni keki mbili. (Waokaji wanaohamia huku kutoka Tanga wameliona jambo hili kwa upande wa pili: kwa mwinuko wa mita 1,400 na zaidi keki huumuka upesi, kisha hubonyea katikati, mpaka wapunguze bekingi pauda. Kipimo cha pwani hakikubali mlimani.) Mteja hakuuliza habari ya joto. Je, mwokaji yampasa kumwambia asilouliza?

Swali hili ni la kale. Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu juu ya wajibu, akimwandikia mwanawe. Ndani yake atoa mfano wa mfanyabiashara anayeleta nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine zenye nafaka zikielekea huko huko. Je, awaambie watu wa Rhodes ili bei ishuke, au anyamaze na kuuza ghali? Cicero awaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli asema mwuzaji ataje zile kasoro ambazo sheria yamtaka azitaje, asitumie hila, na yatosha. Kunyamaza hakulingani na kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, asema la, ajualo mwuzaji mnunuzi naye alijue. Cicero mwenyewe alisimama upande wa Antipater.

Mimi naona Diogenes ana haki kidogo katika soko la nafaka, kwa kuwa watu wa Rhodes hawakumwomba yule mtu shauri, walitaka nafaka. Lakini mwokaji wetu amemkalisha mteja kitini, amemmiminia chai, amemwuliza ukumbi uko wapi. Mtu akishauliza swali kama mshauri hawezi tena kunyamaza kama mchuuzi. Habari ya Korogwe ameipata kwa sababu aliuliza, na aliuliza kwa sababu amejitoa kuwa mshauri. Basi aseme waziwazi: "Dada, hii ni ya huku baridini. Kwa Korogwe nitakuokea ya matunda, yenye sukari ngumu juu. Si laini kama hii, lakini itafika." Kisha ampe aonje ile ya matunda. Pengine mteja atasikitika, na pengine atakwenda kutafuta mwokaji wa huko huko Korogwe, na fedha ya juma hilo itakuwa imepotea. Sisemi kuwa ni hasara ndogo. Kwa mama anayesomesha kwa keki, oda moja ya harusi yaweza kuwa ada ya muhula.

Kadhalika na hesabu ya watu. Mteja mwenye wageni 100 anapotaka keki ya matabaka matano, mwokaji amwambie itabaki. Siku hizi baadhi ya matabaka huwa ya bandia, yamepambwa kwa nje tu, ili keki ionekane ndefu katika picha. Wengine wanachukizwa na jambo hilo. Mimi sioni dhambi, maadamu mlipaji ajua lipi ni la kuliwa na hatozwi bei ya unga kwa kitu kisicho na unga.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, lakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kipande kilichookwa kwa siagi na mayai ya kienyeji, na keki ya watu 200 iliyookwa kwa margarini na rangi ya njano, ni mawe mawili katika mfuko mmoja. Hapo hakuna la kubishana.

Bali kuna wakati mwokaji hubanwa pasipo hila. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini baada ya mvua nyingi kukwamisha kazi ya viwanda, na mahali pengine kilo moja ilifika shilingi 4,000 na kupita. Mwokaji aliyepatana bei mwezi wa Novemba angejikuta Februari akioka kwa hasara. Angeweza kupunguza kitu hapa na kitu pale, kimya kimya, na pengine asijulikane kamwe. Maana nani akumbuka sawasawa ladha ya kipande alichokila miezi mitatu nyuma? Lumbesa yaonekana kwa macho. Hata mtoto aweza kuinyoshea kidole. Lakini ushahidi wa keki umeshaliwa. Mteja hana cha kulinganisha nacho, wageni hawakuwapo, na anayekijua kile kipimo amebaki mmoja tu, naye ndiye anayepata faida akikisahau.

Kwa sababu hiyo nasema mwokaji arudi kwa mteja, waketi tena kama walivyoketi siku ya kuonja. Keki iwe ndogo kwa ladha ile ile, au bei iongezwe kwa kupatana, au arbuni irudishwe. Na mteja naye asijifanye mgumu, akishika neno la Novemba kama hati ya mahakama ili mwenzake aoke kwa fedha ya chakula cha watoto wake. Kushauriana si kwa upande mmoja.

Liko jambo jingine ambalo watu hulinong'ona tu. Keki ya harusi kwa kawaida hailipwi na bwana na bibi arusi. Hulipwa na michango, na michango hushikwa na kamati. Wanaotumwa kuonja ni wajumbe wawili watatu, lakini fedha ni ya watu wengi, pamoja na yule mjane aliyetoa shilingi 5,000 zake. Vipande vinne kwenye kisahani mbele ya wajumbe wote ni ushahidi. Keki nzima inayopelekwa usiku nyumbani kwa mwenyekiti, "aonje na familia", imeshakuwa kitu kingine, na jina lake ni hongo hata ikiwa na maua juu. Ubaya zaidi ni pale mjumbe anapomwambia mwokaji, "Andika laki nne, chukua tatu na nusu, kile cha juu ni changu." Mwokaji akikataa, huenda asipate kazi hiyo wala itakayofuata, kwa kuwa wajumbe ni wale wale kila harusi. Wengi hukubali wakijiambia kuwa wao wamelipwa bei yao halali, na dhambi ni ya aliyeomba. Lakini ile karatasi ya bei ina mwandiko wa nani? Naona kuwa mwokaji anayeandika laki nne ametoa ushahidi wa uongo wa pili, mkubwa kuliko wa keki, kwa watu ambao hata kuonja hawakuonja.

Nimeulizwa pia juu ya waonjaji wasiokusudia kununua, wanaozunguka Jumamosi kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, wakala, wakasifu, wakapiga picha ya mapambo na kumpelekea mwokaji wa bei rahisi ayaige. Hao wanakula kazi ya mtu. Kuagiza si lazima, nimekwisha kusema. Lakini kuja na nia ya kweli ni lazima, maana anayesikiliza ushahidi huku amekwisha kukata shauri anamdhihaki shahidi.

Mijini baadhi ya waokaji sasa hutoza fedha kidogo kwa kuonja, na mteja akiagiza fedha hiyo hupunguzwa katika bei. Huku kwetu jambo hilo laonekana la choyo: mgeni alipie tonge mlangoni? Mimi nalikubali, kwa sababu lawapa wote wawili uhuru. Aliyelipa shilingi 2,000 za vipande vyake anyanyuka bila haya, na mwokaji hajalisha bure watu kumi kwa fedha ambayo mwishowe hutolewa na yule mmoja aliyenunua. Chai ibaki bure, kwa kuwa chai ni ya mgeni na vipande ni vya kazi. Na ikiwa mteja amekuja na mtoto, mtoto akakikodolea macho kile kisahani, apewe kipande chake bila kuandikwa po pote.