Taamuli na Wajibu: Faida na Mitihani ya Mtu Kukaa na Moyo Wake

Utangulizi

Katika maadili ya Waswahili, mtu anayetenga saa ya kila siku ili akae kimya na kuuhoji moyo wake huheshimiwa. Husemwa kwamba ametulia, hana papara, na neno lake lina uzito. Lakini maadili hayo hayo hufundisha kwamba mtu ni watu, na humtazama kwa shaka yule anayejitenga na wenzake. Kati ya heshima hiyo na shaka hiyo limo swali linalostahili kuchunguzwa: je, mtu anapoifanya taamuli kuwa desturi yake ya kila siku, huwa anautimiza wajibu wake kwa wengine au anaukimbia?

Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo kwa kuzingatia kazi mbili za ushairi wa Kiswahili, yaani Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kazi hizi zimetenganishwa na takriban karne moja na nusu, na watunzi wake waliishi katika mazingira yasiyofanana. Hata hivyo, zote mbili zinamwonyesha mtu aliyebaki na nafsi yake, na zote mbili zinamlazimisha msomaji aulize upweke huo una manufaa gani, na kwa nani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya taamuli haipimwi kwa utulivu anaoupata mwenye kuitenda. Hupimwa kwa yale anayoweza kuyaona baada ya kutulia, na kwa watu wanaopata nafasi katika kuona huko.

Dhana ya Taamuli

Kufikiri ni jambo la kila mtu na la kila saa. Taamuli hutofautiana na kufikiri kwa kawaida kwa mambo matatu. Kwanza, ina wakati wake maalumu na hurudiwa. Pili, huhitaji ukimya, au maneno machache yanayokaririwa hadi yakaondoa kelele za maneno mengine. Tatu, anayeangalia na anayeangaliwa ni mtu yule yule. Watawa wa Kibudha huketi wakifuatilia pumzi zao. Watawa wa Kikristo wana saa zao za sala na ukimya. Katika mwambao wa Afrika Mashariki zimo nyiradi zinazosomwa baada ya sala, dhikri za tarika, na itikafu ya msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Vilevile imo dhana ya muhasaba, yaani kujihesabu, ambayo picha yake imetoka sokoni: kama mfanyabiashara afungavyo duka na kuhesabu faida na hasara ya siku, ndivyo mtu apasavyo kuihesabu nafsi yake kabla ya kulala.

Picha hiyo ya sokoni ina umuhimu wake. Mfanyabiashara hahesabu fedha ili apate raha ya kuhesabu. Huhesabu kwa sababu kesho atafungua duka tena, na kwa sababu wapo anaowadai na wapo wanaomdai. Muhasaba, kwa hiyo, tangu asili yake ni tendo la faragha linaloelekea hadharani. Anayejihesabu na kugundua kwamba ana deni, kisha akalala fofofo kwa kuwa amelijua deni lake, hajamaliza hesabu.

Mfano wa al-Ghazali

Hakuna aliyelieleza tatizo hili kwa ukweli zaidi kuliko Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni ambaye athari ya maandishi yake ilienea katika ulimwengu wote wa Kiislamu, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki. Mnamo mwaka wa 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, ulimi wake ulifungika akashindwa kufundisha. Alipojihoji, aliona kwamba kilichomsukuma katika ualimu wake kilikuwa kiu ya sifa. Aliiacha kazi hiyo, akaenda Damascus, akawa akijifungia katika mnara wa msikiti. Maisha ya faragha aliyoyaanza hapo yalidumu kwa takriban miaka kumi.

Katika masimulizi aliyoyaandika juu ya maisha yake, al-Ghazali haifanyi faragha hiyo kuwa pepo. Anakiri kwamba mahitaji ya familia na mikasa ya wakati viliivuruga, na kwamba usafi wa hali aliyoitafuta aliupata kwa vipindi tu. Jambo zito zaidi linakuja baadaye. Alipotakiwa kurudi kufundisha, alijihoji tena, na safari hii mshitakiwa alikuwa ile faragha yenyewe. Je, alikuwa aking'ang'ania upweke kwa ajili ya haki, au kwa uvivu, kwa kupenda raha na kuepuka maudhi ya watu? Tena, kujitenga kuna faida gani ikiwa maradhi yameenea na matabibu wenyewe wanaugua? Mnamo mwaka wa 1106 alirejea darasani, mjini Nishapur.

Funzo la mfano huu si kwamba faragha ni kosa. Bila ya faragha hiyo, al-Ghazali asingetambua kwamba ualimu wake ulikuwa umeoza kwa ndani. Funzo ni kwamba moyo ule ule unaoweza kujificha nyuma ya kazi za hadharani unaweza pia kujificha nyuma ya ibada za faragha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya utawa haina kinga ya pekee.

Faida na Mitihani

Ni dhahiri kwamba taamuli ya kila siku ina faida. Humzoeza mtu kunyamaza kabla ya kujibu. Humpa nafasi ya kuiona hasira yake ingali ndogo. Aidha, humfunulia mambo ambayo shughuli nyingi humfichia. Tangu mwaka wa 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mpango wake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, taamuli imeingia pia katika hospitali na maabara. Mapitio ya majaribio 47 yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka wa 2014 yalithibitisha kwamba mafunzo ya aina hii hupunguza kwa kiasi fulani wasiwasi, sonona na maumivu. Mapitio hayo hayo hayakupata ushahidi kwamba mafunzo hayo yanazidi tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Hali kadhalika, watafiti wengine wameandika habari za watendaji ambao ukimya uliwafufulia hofu na huzuni badala ya kuwatuliza.

Lakini mwanafasihi ana swali ambalo tabibu halazimiki kuliuliza. Tabibu huuliza iwapo mtu amepata nafuu. Mwanafasihi huuliza nafuu hiyo imemfanya kuwa mtu wa namna gani. Mtu anaweza kutulia kwa kuwa amekubali jambo ambalo hakupaswa kulikubali.

Upo pia mtihani wa mazoea. Taamuli huhitaji kurudiwa kwa sababu moyo husahau. Kilichoeleweka leo alfajiri huwa kimefifia kabla ya adhuhuri. Lakini kile kinachorudiwa hugeuka desturi, na desturi hutendeka hata moyo ukiwa mbali. Uradi hukaririwa huku msomaji akiwaza bei ya nazi. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na hapa taabu yake ni kwamba dawa ya usahaulifu inakuwa yenyewe namna ya kusahau. Ushairi unaupinga mtihani huu kwa njia yake. Nao pia hujengwa kwa marudio, ya vina na ya mizani, lakini kila ubeti mpya humdai mshairi neno jipya mahali pale pale pa zamani. Kwa sababu hii, ushairi ni mahali pafaapo pa kuichunguzia taamuli.

Moyo Mbele ya Magofu

Neno inkishafi lina maana ya kufunuka au kufunuliwa. Katika Al-Inkishafi mshairi anauita moyo wake na kuuhoji kama mshitakiwa: kwa nini hauzinduki, kwa nini unaendelea kuuhusudu ulimwengu unaoudanganya? Anaufananisha ulimwengu na bahari chafu yenye matumbawe, na kisima ambacho mnyama wa pembe humpiga anayekwenda kuteka maji, na vumbi linaloonekana katika mwali wa jua lakini halishikiki mkononi. Kisha anaupeleka moyo Pate. Huko anauonyesha nyumba zilizokuwa zikiwaka taa, vidaka vilivyopambwa, mabwana waliolala huku wakitumbuizwa. Na baada ya hayo kuta zilizobaki kwa popo, ndege na wadudu, na mabwana wenyewe makaburini.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni muundo wa taamuli hii. Moyo haubadilishwi kwa kutazamwa peke yake. Unapelekewa ushahidi kutoka nje, nao ni ushahidi wa historia: mji wenye jina, uliowahi kuvuma na ukaporomoka. Sayyid Abdallah anaelewa kwamba moyo unaojitazama bila ya kutazama kitu kingine ni kama kioo kilichoelekezwa kwenye kioo. Hii ndiyo nguvu kubwa ya shairi, na ndiyo sababu limeendelea kusomwa hata na wasioshiriki imani ya mtunzi.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kuendelea mbele zaidi. Shairi linaona kwamba mali hupita, lakini haliulizi ilipatikanaje. Waliowatumbuiza mabwana usingizini wanaonekana kama sehemu ya anasa iliyotoweka; mwisho wao wenyewe hauliliwi. Uchumi wa miji ya mwambao ulitegemea pamoja na mengine kazi ya watumwa, na kwa mtumwa kuanguka kwa kasri hakukuwa na maana ile ile kama kwa bwana. Inaweza kujibiwa kwamba shairi la zuhudi halikukusudiwa kuwa shitaka la kijamii, na kwamba kaburi analolitaja ni la watu wote. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa utanzu. Kwa upande wa maadili linaacha pengo, maana anayeambiwa kwamba dunia haina thamani si sawa na anayeambiwa kwamba amemdhulumu jirani yake. Wa kwanza anaweza kujitenga. Wa pili hana budi kulipa.

Pengo hilo liliwahi kuzibwa kwa vitendo katika funguvisiwa lile lile la Lamu. Habib Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, mwenye asili ya Ngazija, ambaye jina lake limefungamana na Msikiti wa Riyadha, alikuwa mtu wa nyiradi na dhikri. Mwishoni mwa karne ya 19 aliwafungulia darasa zake watu wa tabaka la chini, wakiwemo wenye asili ya utumwa, na hakuyajali manung'uniko ya baadhi ya wakubwa wa mji. Taamuli yake haikuishia kwenye mswala. Ilimwonyesha ni nani waliokuwa nje ya mlango.

Upweke Usio wa Hiari

Sauti ya Dhiki inaligeuza swali. Abdilatif Abdalla hakuuchagua upweke wake. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kutokana na waraka wa mwaka wa 1968 uliouliza Kenya ilikuwa ikielekea wapi, na alitoka mwaka wa 1972. Diwani aliyoitunga kwa siri kifungoni ilichapishwa mwaka wa 1973. Itakuwa ni kosa kukigeuza kifungo kuwa itikafu. Anayekaa itikafu anaweza kuondoka. Mfungwa hawezi, na ukimya wake ni adhabu iliyonuiwa kumvunja. Wanaolisifu gereza kwa kuwa limezaa mashairi humwongezea mfungwa dhuluma ya pili.

Ijapokuwa hivyo, ulinganisho na Al-Inkishafi una manufaa. Watunzi wote wawili wako peke yao na nafsi zao, na wote wanaipima dunia. Lakini Sayyid Abdallah anautaka moyo wake uuachilie ulimwengu. Abdilatif, kama inavyodhihirika katika shairi la "Siwati", anaitaka nafsi isiachilie. Kwa wa kwanza, kushikilia ndilo kosa. Kwa wa pili, kuacha ndiko usaliti. Je, mmoja wao amekosea? La. Kila mmoja anapambana na kishawishi kilicho karibu naye zaidi. Mwungwana wa kizazi cha masharifu alishawishiwa na fahari. Mfungwa alishawishiwa na amani ambayo angeipata kwa kuikana kauli yake. Utulivu aliohitaji kuukataa mfungwa ndio ule ambao watu wengi huitafutia taamuli.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba taamuli ya kila siku ni chombo, na kama vyombo vyote hupimwa kwa safari yake. Faida zake ni za kweli, na mitihani yake ni ya kweli pia: mazoea yanayoua maana, ukimya unaofufua hofu, na zaidi ya yote ule utulivu usio na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Al-Ghazali aliushuku upweke wake wakati ulipokuwa mtamu. Sayyid Abdallah aliupeleka moyo wake mbele ya magofu ili usijidanganye. Habib Saleh alifungua mlango. Abdilatif alikataa amani ya bei rahisi.

Kwa hiyo, anayeinuka kutoka katika saa yake ya ukimya hana haja ya kujiuliza kwanza iwapo ametulia. Swali la kwanza ni lile la mfanyabiashara aliyefunga duka lake: ni nani anayenidai, na kesho nitamlipa nini?