Kupata si werevu

Methali hii hutajwa zaidi palipo na hasara. Kijana ameanguka mtihani, au mkulima amevuna magunia mawili ya mahindi na jirani yake ishirini, na mzee mmoja atasema: kupata si werevu na kukosa si ujinga. Waliopo huitikia. Nusu ya pili imefanya kazi yake ya kumfariji aliyekosa, na nusu ya kwanza imepita bila mtu kuisikiliza. Kwangu mimi, hiyo ya kwanza ndiyo nzito. Inamlenga aliyepata, na inamwambia neno asilopenda kuambiwa: hiki ulicho nacho hakikuja kwa akili zako.

Wavuvi wa pwani wanalijua hilo vizuri. Wawili hushusha madema yao, mitego ya kusukwa ya samaki, kwenye mkondo mmoja. Madema yamesukwa namna moja, yametiwa mawe ya uzito na chambo kile kile. Asubuhi mmoja anapandisha changu na tafi, mwenzake anapandisha dema tupu lenye mwani ulionasa kwenye fito. Mvuvi mwenye adabu hamwulizi mwenzake alikosea wapi. Hata hivyo, wote wawili walitega. Aliyelala hadi jua likapanda naye hakupata kitu, ila huyo hana haki ya kuitaja methali hii.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani methali hii inagombana na zile zinazosifu juhudi. Mchumia juani hula kivulini, tunaambiwa, na ajizi ni nyumba ya njaa. Sioni ugomvi wowote. Methali hizo zinamhimiza mtu kabla hajatoka nyumbani. Hii inazungumza naye jioni, mavuno yakiwa mkononi, ajue namna ya kuyashika.

Na mambo ya roho yanaihitaji methali hii kuliko samaki na mahindi. Mtu akipata utajiri wa mali, angalau watu watamtania kuwa ana bahati. Akipata utajiri wa ndani, yaani imani isiyoyumba, utulivu wakati wa dhiki, moyo unaosamehe upesi, mara nyingi yeye na waliomzunguka huuhesabu kuwa mshahara. Amefunga, ameswali, ametoa, basi amelipwa. Kiburi cha namna hii ni kigumu kukitambua, maana kimevaa kanzu safi.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaambia maswahaba kuwa hakuna ambaye amali yake itamwokoa. Wakauliza kama hata yeye. Akajibu kuwa hata yeye, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Lakini hakuwaruhusu waketi. Aliwataka washike njia iliyonyooka, akawaambia kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Kwa Wakristo, maneno hayo yana ndugu yake katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua alfajiri kwa dinari moja ya siku. Anaongeza wengine saa tatu, saa sita na saa tisa, kisha saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama, anawachukua wa mwisho. Jioni anaagiza malipo yaanzie kwa hao wa mwisho, nao wanapewa dinari nzima. Hapa ndipo pa kutulia. Angewalipa wa alfajiri kwanza, wangeondoka wameridhika, kwa kuwa walipata walichopatana. Kilichowaunguza ni kuona cha mwenzao.

Na wale wa saa kumi na moja walipoulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, walijibu kuwa hakuna mtu aliyewaajiri. Hawakuwa wamelala. Yeyote aliyewahi kusimama kijiweni tangu asubuhi akingoja kibarua, akiona wenzake wanapakiwa kwenye lori yeye akibaki, anajua aibu hiyo isiyo na kosa ndani yake. Kukosa kwao hakukuwa ujinga. Na ile dinari haikuwa werevu wao.

Wanazuoni wamekwenda mbali zaidi. Augustino wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alibishana miaka mingi na mwalimu wa dini Pelagius akisisitiza kuwa hata nia ya kutenda mema ni zawadi. Ibn Ata'illah wa Iskandaria, aliyefariki Cairo mwaka 1309, anaanza kitabu chake cha Hikam kwa kutoa kipimo: anayeziegemea amali zake utamjua pale anapoteleza, kwa kuwa tumaini lake hupungua. Nakipenda kipimo hicho, kwa sababu mtu anaweza kujipima nacho leo hii bila kumwuliza mwalimu.

Imani hii, kuwa hata wema wako ulipewa, ikimshika mtu, hubadilisha anavyoishi na wenzake. Huko Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, elimu ya dini ilishikwa na waungwana. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail aliyetoka Komoro, aliketi na watu wa tabaka la chini, watumwa na waliotoka utumwani wakiwamo, akawasomesha. Msikiti Riyadha uliotokana na kazi hiyo upo hadi leo, na Maulidi yake hukusanya watu kila mwaka. Ukiamini kuwa elimu na baraka ulipewa, utamzuiaje mwingine mlangoni kwa kumwuliza baba yake ni nani?

Kwa hiyo inaniuma ninaposikia, kwenye redio na kwenye mikutano ya hadhara, mahubiri ya kupanda mbegu: toa kiasi fulani upokee muujiza wa kiasi fulani. Mama aliyeuza kuku wake wa mwisho na mtoto hajapona anarudi nyumbani na mizigo miwili, ugonjwa wa mwanawe na tuhuma kwamba imani yake ilipungua. Hiyo ni biashara, na ni dhuluma. Neema ikishatajiwa bei si neema tena.

Ukienda kumwona mgonjwa, au aliyefilisika, au aliyezika mtoto, mpe pole, mpelekee chakula, kaa naye. Usimwulize anaswali mara ngapi wala alitoa sadaka lini.