Hati Katika Chombo cha Udongo

Soma Yeremia 32:6–15. Yeremia aliandika nini, mbele ya nani, na hati zake ziliwekwa wapi?

Yerusalemu imezingirwa na nabii yuko kifungoni. Katika hali hiyo ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anaandika hati, anaita mashahidi, anapima fedha. Hati ni mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Zote anamkabidhi Baruku hadharani, zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu.

Yeremia alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Babeli ingetawala miaka 70 (Yer. 29:10). Kwa hesabu hiyo, yeye mwenyewe asingelilima shamba lile. Hati iliandikwa kwa ajili ya watakaobaki. Imani yake katika ahadi ya Mungu ilihitaji wino, muhuri na mtu aliyejua chombo kiliko.

Katika nyumba nyingi za waumini jambo hili huogopwa. Baba akitoa hati ya kiwanja na kumwonyesha mkewe, huulizwa kama anajichuria kifo. Wengine husema anayemngojea Bwana hana haja ya wosia. Ellen G. White, aliyemngojea Bwana maisha yake yote, aliwaambia waumini kwamba kuandika wosia hakusogezi kifo hata siku moja. Wosia wake mwenyewe wa 1912 uliwataja wadhamini watano wa kutunza maandishi yake.

Msiba ukishaingia, maswali hayangoji. Simu ya marehemu ina namba ya siri ambayo hakuna aijuaye. Kuna mkopo wa SACCOS, kiwanja kilicholipiwa nusu, ng'ombe waliowekwa kwa jirani kwa maneno tu. Kila ndugu anakumbuka kauli ya marehemu, na kauli hizo hazifanani. Nchini Tanzania mtu anaweza kuhifadhi wosia wake RITA angali hai. Wosia hauondoi safari ya mahakamani, lakini humpa msimamizi wa mirathi mahali pa kuanzia. Hata karatasi moja ya daftari yenye orodha ya mali, madeni na mahali nyaraka zilipo humpunguzia mjane mizunguko mingi.

Mjane wa 2 Wafalme 4:1 alikuwa mke wa mtu mcha Mungu, na Maandiko hayamlaumu marehemu kwa uvivu. Hata hivyo mdai alikuja kuwachukua wana wawili. Kama mke alilijua deni lile kabla ya mazishi, hatuambiwi.

Uzembe, hata hivyo, si sababu pekee ya ukimya. Wako wanaonyamaza kwa kuwa jambo lenyewe ni zito: deni lililofichwa, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtu hujiambia kwamba anailinda amani ya nyumba. Lakini mtoto yule atakuja msibani, na mama wa nyumba atayasikia kando ya jeneza, mbele ya watu, wakati wa pekee aliyepaswa kujibu hawezi tena kujibu. Maumivu hayakuepukwa, yamepelekwa kwa mwingine. Kwa mtu wa namna hii, kutengeneza mambo ya nyumba huanza kwa kuungama, na karatasi hufuata. Ahithofeli alizipanga shughuli za nyumba yake vizuri, kisha akajinyonga (2 Sam. 17:23). Utaratibu aliuweza.

Hili halimaanishi kumwambia kila mtu kila kitu. Hati moja ya Yeremia ilikuwa na muhuri. Namba ya siri ya benki haifai kubandikwa ukutani, wala watoto wadogo hawahitaji kujua hesabu zote. Lakini hata iliyotiwa muhuri ilikuwa mikononi mwa mtu mwaminifu, naye aliipokea mashahidi wakiona.

Soma Yohana 19:23–27. Askari walikuwa wamekwisha kugawana mavazi ya Yesu. Hakuwa na shamba wala fedha ya kuacha. Akiwa katika maumivu makali alisema na mama yake, kisha na mwanafunzi, kila mmoja akisikia alichoambiwa mwenzake. Tangu saa ile Yohana akamchukua nyumbani kwake.

Maswali ya kujadili: Je, mume au mke ana haki ya kumficha mwenzake deni ambalo mwenzake atalipa? Kanisa la mahali linaweza kumsaidiaje mtu anayetaka kusema ukweli nyumbani lakini anaogopa?