Msafiri ni mgeni wa nani?

KUNA swali ambalo limenikaa kichwani tangu Novemba 2024, na kila nikiliweka pembeni linarudi. Mtu ametoka safari ndefu, amefika alfajiri katika mji asio na ndugu, amechoka, ananuka jasho, na mahali alipolipia kulala hapajawa tayari kumpokea. Je, mtu huyu ni mgeni wa nani? Kuna yeyote mwenye wajibu juu yake katika saa hizo chache, au ni shauri yake mwenyewe?

Ndugu msomaji, huenda ukaliona swali hili dogo mbele ya matatizo yanayoukabili umma. Mimi pia nililiona dogo, mpaka liliponigeukia mwenyewe.

Nilikuwa nimefuatana na mpwa wangu, mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, kwenda Istanbul. Yeye ni mwenyeji wa safari hizo, mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Tulipanda ndege Dar es Salaam, tukaunganisha ndege nyingine Ghuba, na kwa usiku mzima sikupata usingizi wa maana. Tulitua kabla ya Alfajiri, tukaswali katika chumba cha sala pale uwanjani, na baada ya mizigo na foleni tukafika mtaa wa Laleli, kwenye maduka ya jumla ya nguo, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne tulikuwa na miadi na mwenye kiwanda. Shati lilikuwa limegandana na mgongo, na miguu imevimba ndani ya viatu.

Hoteli ilikuwa imekwisha kulipiwa. Kijana wa mapokezi akatueleza kwa adabu kwamba vyumba hutolewa saa nane mchana. Nikamwomba basi nipate bafu tu, dakika kumi, nibadili shati. Akasema mabafu yako vyumbani, na kama tunataka chumba mapema tuongeze nusu ya bei ya usiku mmoja. Nilipomkumbusha kuwa sisi ni wageni wao, alitabasamu akasema: "Kuanzia saa nane, mzee wangu."

Nilikasirika. Lakini nataka nimtendee haki kijana yule. Hakunidhulumu. Mkataba wetu ulisema saa nane, na saa nane ndiyo haki yangu. Kile chumba pengine kilikuwa na mtu mwingine ambaye naye alikilipia mpaka mchana, na baada yake kuna mfanyakazi anayepaswa kubadili mashuka. Hoteli inauza saa, kama muuza vitambaa anavyouza mita. Huwezi kumlaumu muuzaji kwa kukataa kukukatia mita ambayo hukuilipia.

Hata hivyo Allah (s.w) katika Suratun-Nahl (16:90) hakuamrisha uadilifu peke yake. Ameamrisha uadilifu na ihsani pamoja. Uadilifu ni kumpa mtu kilicho chake. Ihsani ni kumpa kile ambacho hana hoja ya kukudai. Jamii inayokwenda kwa uadilifu peke yake haina dhuluma, lakini msafiri atabaki amesimama mlangoni mpaka saa nane.

Mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, tuache mabegi hapa, twende msikitini." Nyuma ya barabara kulikuwa na msikiti mdogo wa mtaani. Nilisita. Sala ya Alfajiri nilikwisha swali, Adhuhuri bado. Sikuwa nakwenda kutia udhu. Nilikuwa nakwenda kujisafisha ili nikakae na mfanyabiashara bila ya kumkirihisha. Je, ni halali kutumia maji ya wakfu kwa haja ya namna hiyo?

Mhudumu wa msikiti alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anafagia ua. Hakujua Kiswahili, sikujua Kituruki. Mpwa wangu akasema neno moja tu: "Misafir." Mzee akaacha ufagio, akaweka mkono kifuani, akatufungulia chumba kidogo chenye maji ya moto. Nilipotoka, nilikuta taulo safi limetundikwa kwenye kitasa na gilasi mbili za chai zimewekwa juu ya kigoda. Nikatoa noti. Akaurudisha mkono wangu, akachukua tena ufagio wake.

Nikadhani mpwa wangu amemwambia kuwa sisi ni wasafiri. Akanieleza kuwa Waturuki wamelichukua neno lile lile la Kiarabu tunalolitumia sisi, lakini kwao maana imehama. Kwetu msafiri ni mtu aliye njiani, na tukimpakia kwenye basi tunamwita abiria. Kwao misafir ni mgeni. Na wanao msemo kwamba mtu anayebisha hodi bila ya kutarajiwa ni mgeni wa Mungu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo furaha yangu ilipokwisha, kwa sababu nilikumbuka tangazo.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, usio mbali na barabara kuu. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wamekuwa wakishuka mitaani kwetu saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, wametoka mikoani, wamekaa kitini usiku kucha. Wengi huja msikitini kutafuta maji. Kamati ikalalamika: bili imepanda, masinki yanaziba, ndala zinaibwa. Tukakaa kikao, na kwa mkono wangu nikaandika karatasi iliyobandikwa mlangoni: "Vyoo na maji haya ni kwa wanaoswali tu. Kwa amri ya kamati."

Asubuhi moja, wiki chache kabla ya safari yangu, nilitoka kuswali nikamkuta mwanamke mlangoni akiwa na mfuko wa shangazi kaja na mtoto wa miaka kama minne. Mtoto alikuwa amejitapikia njiani. Mama alikuwa anampigia simu ndugu yake, simu haipokelewi. Alimwomba mlinzi ndoo moja ya maji amsafishe mtoto. Mlinzi akamwonyesha karatasi. Akanigeukia mimi, akasema, "Shikamoo baba, naomba maji kidogo." Nilimjibu, nakumbuka vizuri nilivyomjibu: "Marahaba mama. Kuna vyoo vya kulipia kule stendi." Hakubishana. Alimfunika mtoto kwa khanga akaondoka kwa miguu. Nami nikarudi nyumbani kunywa chai.

Yule kijana wa hoteli alininyima kitu cha biashara. Mimi nilimnyima yule mama kitu ambacho si changu, ndani ya nyumba ambayo si yangu. Nani kati yetu alistahili kukasirikiwa?

Najua hoja za upande wa pili, kwa sababu mimi ndiye niliyeziandika kwenye muhtasari wa kikao. Tuziangalie moja moja, kwani si hoja za kijinga.

Hoja ya kwanza ni gharama. Ni kweli maji yana bili, na bili hulipwa na Waislamu wenye vipato vidogo. Lakini msafiri aliyepungukiwa ametajwa katika Qur'an (9:60) miongoni mwa mafungu manane ya wanaopewa zaka. Mtu ambaye Allah amemwekea fungu katika mali za watu, sisi tunamhesabia ndoo ya maji? Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima mpita njia. Nilikuwa nikiisoma hadithi hii nikimfikiria bedui jangwani. Sikuwahi kumfikiria katibu wa kamati.

Hoja ya pili ni usafi. Msikiti ni lazima utunzwe, na hakuna anayetaka matapishi kwenye hawdhi ya udhu. Hapa nakubali nusu. Lakini tumkumbuke yule bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w). Maswahaba walipotaka kumkemea, Mtume (s.a.w) aliwazuia, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Uchafu uliondoshwa kwa maji, na mtu hakuondoshwa. Katika msikiti huo huo waliishi Ahlus-Suffa, masikini wasiokuwa na pa kulala. Sisi leo tunauheshimu msikiti kwa kuwazuia watu, na tunadhani hiyo ndiyo heshima yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya wakfu. Wanazuoni wanafundisha kwamba sharti la aliyeweka wakfu lifuatwe kama linavyofuatwa andiko la sheria. Kama mtu ametoa maji kwa ajili ya udhu tu, kamati haina mamlaka ya kuyageuza kuwa ya kuoga. Niliporudi nikafungua faili la msikiti wetu. Kisima kilichimbwa kwa mchango wa mama mmoja mjane, marehemu sasa. Barua yake ina mistari mitatu. Anasema anatoa kisima kiwe sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya wazazi wake. Hakutaja udhu, wala hakutaja wanaoswali. Hilo la "wanaoswali tu" ni sharti langu mimi, na sikuchangia hata bomba moja.

Saad bin Ubada (r.a) alipofiwa na mama yake, alimuuliza Mtume (s.a.w) sadaka ipi ni bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Anayechimba kisima kwa nia hiyo anatamani anayekunywa, anayeoga na anayenawa wawe wengi, kwani kila mmoja ni thawabu kwa maiti wake. Kila aliyerudishwa na karatasi yangu nilikuwa namkatia yule mjane na wazazi wake.

Wala jambo hili si geni kwetu tuseme tumeletewa kutoka Uturuki. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, alieleza kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa na visima milangoni, na chombo cha mti chenye mpini cha kuchotea, na jamvi la kufutia miguu baada ya kuiosha. Baadaye alipofika Anatolia, katika mji ambao leo ni Denizli, makundi mawili ya vijana yaligombana mpaka wakachomoleana visu, kila kundi likitaka liwe ndilo la kumkaribisha. Karne saba baadaye vijana wetu hugombana pia, lakini ni nani amfukuze mgeni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi msikiti ugeuzwe nyumba ya kulala wageni. Msafiri naye ana adabu zake. Asiache uchafu nyuma yake, asijitandaze kana kwamba yuko kwake, na akiwa na uwezo aweke chochote katika sanduku. Mimi niliyekuwa na pesa ya hoteli sikuwa na haki sawa na yule mama asiyekuwa na pa kwenda, na kama nafasi ingekuwa moja, ingekuwa yake. Kamati pia ina haki ya kuweka utaratibu. Lakini utaratibu ni wa kumwonyesha mtu apite wapi. Karatasi yangu ilimwambia arudi alikotoka.

Nilipeleka hoja kwenye kikao. Haikupita kirahisi. Mzee mmoja aliniuliza kama Istanbul imenilevya. Mwishoni tulikubaliana bafu moja upande wa wanaume na moja upande wa wanawake yafunguliwe kwa wasafiri kuanzia baada ya Alfajiri mpaka saa tatu, kuwe na ndoo, sabuni na sanduku la hiari. Karatasi niliibandua mwenyewe. Sitaki kudanganya kuwa mambo yamekuwa mazuri yote. Bili imeongezeka, mabomba mawili yameibwa, na sanduku halijai. Yule mzee kila mwezi ananisomea hesabu, na ni haki yake kunisomea.

Yule mama sijamwona tena. Sijui alikopata maji siku ile, wala kama simu ilipokelewa. Allah anajua, nami najua kuwa nitaulizwa kuhusu yeye na siyo kuhusu mabomba.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii ukifika msikitini kwenu, kabla hujavua viatu, soma kilichoandikwa mlangoni pa maliwato. Kisha uliza ni nani aliyeandika, na maji yale yalitolewa na nani.

Wabillahi tawfiq.