Nilimwambia Si Yeye

Mwezi wa saba mwaka 2021 kijana mmoja aliniuliza swali, tukiwa tumesimama kando ya shamba la chai, na mimi nikamjibu haraka mno. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilikuwa na haki ya kumjibu.

Wacha nianzie nyuma kidogo. Machi 2020 vyuo vilipofungwa, nilipanda matatu nikarudi Nyacheki na begi moja, nikidhani ni mambo ya wiki mbili. Chuo kilipofunguliwa sikurudi. Karo ilikuwa imeshapata kazi nyingine, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Nyumbani nilikuta watoto wamejaa barabarani. Shule zilikuwa zimefungwa, na wengi wao hawakuona darasa tena hadi Januari 2021. Wavulana walibeba mawe ya ujenzi, wengine wakaanza kuonja chang'aa. Kufikia Agosti, wasichana wawili wa upande wetu walikuwa na mimba.

Mimi nilikuwa skauti shule ya upili, na kitu pekee nilichotoka nacho ni kusoma ramani na dira. Kuna mchezo wa kukimbia na ramani ambao Wazungu wanauita orientiringi. Watu wa Norwe walishaushindania hadharani tangu 1897. Unapewa ramani yenye vituo, unavitafuta kimoja baada ya kingine, na njia unajichagulia mwenyewe. Upande kilima au ukizunguke? Nikaona, huu mchezo kama umetengenezewa korona. Kila mtu anakimbia peke yake, na anaanza dakika tano baada ya mwenzake. Mpira ulikuwa umepigwa marufuku, lakini nani atamshika mtoto anayepita peke yake kwenye mashamba ya kwao akiwa na karatasi mkononi?

Nilienda kwa chifu. Akanisikiliza, akasema, "Kijana, sijakuruhusu na sijakukataza. Nikisikia kelele, nakuja." Wazazi nao walikubali upesi, hata kabla sijamaliza kueleza.

Ramani niliichora kwa mkono, nikiangalia picha za setilaiti kwenye simu hadi bando likaisha. Mistari ya kontua ilinitoa jasho, maana Bobasi ukitafuta mahali tambarare utatafuta sana. Vituo vilikuwa chupa za plastiki nilizopaka rangi nyekundu, kila moja na herufi yake. Mwanzoni nilifunga penseli kwenye kila chupa. Baadaye nikawaza ni mikono mingapi inashika penseli hiyo, nikaziondoa zote. Kila mtu aje na kalamu yake. Hakuna maji ya pamoja, hakuna zawadi, ukimaliza unaenda nyumbani. Ulaya na Australia vilabu vilitumia programu ya simu inayoitwa MapRun, mtu akakimbia siku anayotaka na simu ikamhesabia vituo. Sisi simu nyingi zilikuwa kabambe.

Kulikuwa na ajuza mmoja ambaye shamba lake lilikuwa na kituo cha saba. Sisi sote tulimwita magokoro, yaani bibi. Siku moja aliishika ile ramani, akaigeuza juu chini, akanicheka: kwani siku hizi mtu hajui njia ya kwenda mtoni mpaka aichore? Kisha akanipa ndizi mbivu. Mjukuu wake wa miaka 15 alikuwa mmoja wa wakimbiaji wangu wazuri, na waliishi wawili tu nyumba moja.

Mchezo ulienda vizuri karibu mwaka mzima. Ila kulikuwa na jambo moja. Wakimaliza, hawakwenda nyumbani. Walikutana nyuma ya posho mill, vichwa vimeinamia ramani, barakoa ziko kidevuni, kila mmoja akipiga kelele alivyopotea na nani alimkuta kwenye matope ya kituo cha nne. Nilijua. Niliwaona zaidi ya mara moja nikageuza uso. Niliwaacha kwa sababu nilielewa kwamba ule ndio ulikuwa mchezo wenyewe. Hakuna mtoto anayepanda kilima mbio saa nzima ili aende kukaa kimya. Mimi nilikuwa nimeandika sheria nzuri kwa ajili ya chifu, nikaacha mlango wazi mahali ambapo kila mtu angepita.

Ijumaa tarehe 18 Juni 2021 serikali ilitangaza kaunti 13 za magharibi na Nyanza kuwa eneo hatari, Kisii na Nyamira zikiwemo, na kafyu ikarudishwa saa moja jioni. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumekimbia. Nikasimamisha mchezo siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye magokoro akaanza kukohoa. Hakupimwa. Alizikwa siku ya tatu, watu wachache, yeye ambaye kwa kawaida yetu angeliliwa wiki nzima.

Baada ya maziko mjukuu wake akanijia. "Kocha, ni mimi nilimletea?"

"Hapana," nikasema. "Si wewe."

Swali lake lilikuwa na maswali mawili ndani. Moja ni kama ugonjwa ulipitia kwake. La pili ni kama alikosea. La pili nililijua jibu lake: mtoto wa miaka 15 hawezi kulaumiwa kwa kucheka na wenzake. La kwanza sikulijua, na halitajulikana kamwe. Magokoro alienda kanisani, alienda sokoni, watu walipita kwake kila siku. Yeye aliuliza la kwanza. Mimi nikajibu la pili, nikamwacha aamini nimejibu la kwanza.

Rafiki yangu anasema huo ulikuwa uongo wa huruma, kila mtu mzima angesema vile. Pengine. Kinachonisumbua ni kwamba jibu lile lilinifaa mimi pia. Kama si yeye, basi si posho mill. Kama si posho mill, basi si mimi. Nilimfariji mtoto na papo hapo nikajisamehe, kwa neno lile lile moja.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Tutamwambia si kosa lako, na ni sawa tumwambie. Lakini akikubali upesi mno tutamtilia shaka. Nilipoisoma hiyo kwenye simu nilitaka sana kuwa dereva yule. Siwezi. Yeye breki zake zilikuwa nzima. Mimi nilizijua zangu zimelegea, na kila Jumamosi nilifika salama.

Na kama magokoro asingekufa? Ningekuwa leo najisifu kwa kitendo kile kile. Watu huniambia, "Uliokoa vijana wangapi wasiingie kwenye pombe?" Sijui, labda kadhaa. Lakini walionufaika ni wao, na aliyelipa, kama alilipa, ni mwingine. Niliomba ruhusa kwa chifu. Niliomba kwa wazazi, na mama ya yule kijana alikubali kwa simu kutoka Nairobi. Sikumwomba ajuza aliyelala nyumba moja na mkimbiaji, akipumua hewa ile ile. Alinipa ndizi, nikachukulia hiyo ndiyo ruhusa.

Kijana sasa amemaliza kidato cha nne. Wiki iliyopita alinipigia akiomba zile ramani, anataka kuwafundisha watoto wa kanisani kwao. Nilimwambia nitamletea mwenyewe, kuna kitu nataka tuongee. Akasema, "Sawa kocha, Jumamosi." Jumamosi imepita, nilimwambia mvua ilikuwa nyingi. Ramani bado ziko mezani.