Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Tafakari ya juma: Waefeso 4:26–32

Mwenye gobore anayeijua kazi yake hapimi baruti kwa pupa. Humimina kiasi chake mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, mwisho akaweka fataki. Kila kitu kimepita mikononi mwake; hana kiwanda cha kukilaumu. Ndiyo maana bunduki hii ilinijia akilini niliposoma tena maneno ya Paulo kuhusu hasira na jua kuchwa. Maneno makali yanayobomoa nyumba zetu mara nyingi hayaponyoki tu. Tumeyapima usiku, tukayashindilia, tukangoja mwenzetu afungue mdomo.

Paulo, tukimsoma vizuri, hakatazi hasira. Anajua yapo ya kukasirikia. Mzee wa kanisa anayesimama kikaoni kuuliza fedha za mabati zimekwenda wapi ana haki ya kuuliza, na pengine hata ya kupaza sauti. Risasi imepiga palipostahili. Shida ni kilichobaki ndani ya mtutu.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, na shura peke yake ni kama robo tatu. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa: huwa masizi na chumvichumvi, nyingine ikatoka na moshi, nyingine ikaganda kwenye chuma. Chumvi hizo huvuta unyevu. Isimamishe bunduki pembeni usiku mmoja wa masika, asubuhi kutu imekwisha kuanza. Mlio haukuiharibu. Imeliwa ikiwa imetulia, huku kila mtu akidhani mambo yamekwisha.

Asiyejua hukimbilia mafuta. Lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka juu ya ukoga ule, mtutu utang'aa na kutu itaendelea chini yake. Wajuzi huanza na maji ya moto yenye sabuni kidogo. Kitambaa huingia kwenye ncha ya mdeki kikiwa cheupe, hutoka cheusi tititi. Kinafuata kingine, na kingine, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Hapo mtutu hukaushwa kabisa. Mafuta huja mwisho.

Vikao vyetu vya usuluhishi, vingi huanza na mafuta. Tusameheane, tuombe, chai iletwe. Hakuna aliyetaja neno alilolitamka, wala fedha zilikuwa ngapi. Mimi huiogopa amani inayopatikana kabla chai haijapoa. Yeremia naye aliwaona watu wa aina hiyo, waliotibu jeraha la taifa juujuu, akawakemea bila haya.

Wapo watakaosema: mimi si mtu wa kelele. Haya. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Tofauti yake ilionekana hata huku kwetu mwaka 1914, maana askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, na wingu la moshi likawaumbua walikojificha. Baruti mpya ilisifiwa kwa usafi wake. Hata hivyo mitutu iliendelea kupata kutu, kwa sababu fataki za siku hizo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi iliyo ndugu wa karibu wa ile ya mezani. Askari wa Uingereza walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni kwa faneli. Nawafikiria wapole wa usharika wetu, waliosema neno moja tu, kwa sauti ya chini na tabasamu, na tangu siku hiyo hukwepa benchi la mwenzao.

Kwa hiyo kabla ya kukaribia Meza ya Bwana, kama yupo wa kumwendea, mwendee ukalitaje jambo lenyewe: siku ile, kikao kile, neno lile. Usitangulize kuku wa zawadi. Kuku ataliwa na neno litabaki. Ukishapatana naye, mrudie baada ya siku mbili tatu, umuulize kama lipo lililosalia. Wenye magobore hupitisha kitambaa kingine kesho yake, hata kama cha jana kilitoka cheupe, kwa sababu mara nyingi hiki cha pili hutoka na rangi ya kutu.